Mpelelezi Aliyemnyima Reino Salmela Usingizi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una kikombe cha kahawa, kaa nacho. Leo tunamkumbuka Irja Salmela, mwandishi wa riwaya za upelelezi, mwana wa mji huu wa Thunder Bay. Alizaliwa upande wa Port Arthur, enzi ambazo Port Arthur ulikuwa bado mji unaojitegemea. Amefariki majuzi katika hospitali ya hapa hapa mjini, barafu ikiwa bado imelifunika ziwa. Alikuwa na miaka themanini na moja.

Hata kama husomi vitabu, Irja unamjua. Ni yule mama mrefu aliyekuwa akipita Mtaa wa Bay asubuhi, mikono mfukoni, kichwa mbele, hamsalimii mtu mpaka amalize kuwaza. Ukimwita mara tatu, mara ya nne anashtuka na kusema, "Samahani, nilikuwa namzika mtu."

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwake. Mumewe, Mzee Reino, alinikaribisha jikoni. Binti yao Tuulikki, ambaye ni muuguzi kule Sudbury, alikuwa anakata mkate. Nikawaomba wanisimulie maisha ya marehemu. Tuulikki akaniambia, "Ukitaka kumwelewa mama, anza na wivu wa baba."

"Wivu gani?" Mzee Reino akadakia. "Nilikuwa na sababu."

Basi, wasikilizaji wapendwa, tuanzie hapo.

Irja Ketola, kama alivyoitwa kabla ya kuolewa, alikuwa mpiga chapa wa mahakama. Kila neno lililosemwa kizimbani lilipita kwenye vidole vyake. Wezi, wauaji, mashahidi waongo, mawakili wenye kelele: wote aliwaandika, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye anaonaje. Reino alikuwa akifanya kazi bandarini, kwenye maghala ya ngano. Walikutana dansini, kwenye ukumbi wa Wafini, watu wenye asili ya Ufini kama wao. Reino hakujua kucheza. Irja alimfundisha kwa kumsukuma. Wakaoana, wakampata Tuulikki, wakajenga nyumba ya mbao yenye rangi ya manjano na kibanda cha sauna, cha kuogea mvuke, kule ziwani kwenye kambi yao ya mapumziko. Maisha yakaenda.

Miaka ya sabini ilipoanza, Irja akaanza kuandika. Aliandika alfajiri kabla ya kwenda kazini, kwenye chumba cha kufulia, taipureta ikiwa juu ya meza ya kupigia pasi. Kitabu cha kwanza kikakubaliwa na mchapishaji wa Toronto. Reino alifurahi sana. Alikipeleka bandarini, akawaonyesha wenzake picha ya mkewe nyuma ya jalada. Rafiki yake mkubwa, Wasyl Hnatiuk, akakifungua, akasoma ukurasa mmoja, kisha mwingine. Akainua macho.

"Reino, huyu mwanamume ni nani?"

"Mwanamume gani?"

"Huyu Inspekta Dagenais. Mkeo anamjua vizuri mno."

Na hapo ndipo sindano ilipoingia.

Inspekta Cyprien Dagenais. Ndiye mpelelezi wa vitabu vyote vya mwanzo vya Irja Salmela. Kapera. Amepanga chumba juu ya duka la mkate. Anatoka wakati wowote bila kumuaga mtu, anatembea kwenye baridi ya kukata masikio, anarudi na jibu. Anakula akiwa amesimama. Hamwogopi hakimu, hamwogopi tajiri. Hasemi sana, lakini akisema, mtu anakaa chini. Kanada nzima ilimpenda. Halifax walimpenda, Vancouver walimpenda. Wanawake walimpenda zaidi, na hilo Reino aliliona kwa macho yake mwenyewe.

Zikaanza kuja soksi. Ndiyo, soksi. Wasomaji walimfumia Inspekta Dagenais soksi za sufu, wakazituma nyumbani kwa akina Salmela. Irja alicheka, akasema, "Vaa wewe, Reino. Miguu yenu inalingana." Reino akakataa katakata. Baridi ya Januari ikamkuta na soksi zake zenye matundu, akaivumilia.

Siku moja mlango ukagongwa. Reino akafungua. Mama mmoja amesimama kizingitini, kavaa vizuri, ameshika pai ya matunda ya porini mikono miwili. Ametoka Kenora kwa basi.

"Habari za saa hizi, bwana. Inspekta yupo?"

Reino akamtazama. Alikuwa na maneno mengi ya kusema. Alisema moja.

"Katoka."

"Anarudi lini?"

"Yule? Haagi."

Mama akamkabidhi pai, akamwomba aifikishe. Reino akafunga mlango, akaila yote peke yake kwa hasira, kijiko kwa kijiko, mpaka tumbo likamuuma. Irja aliporudi akaona sahani tupu, akasikia kisa, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Reino hakucheka.

Kilichomuumiza zaidi, wasikilizaji wapendwa, hakikuwa soksi wala pai. Kilikuwa kile kicheko cha alfajiri. Reino alikuwa akilala kitandani, macho wazi, akisikia taipureta kule chumba cha kufulia: ta-ta-ta-ta. Halafu kimya. Halafu mkewe anacheka. Peke yake, chini chini, kama mtu aliyenong'onezwa jambo sikioni. Wakati wa chai anamuuliza, "Ulikuwa unacheka nini?" Naye anajibu, "Si kitu. Dagenais tu, kasema neno."

Mzee Reino aliniambia hivi, ananikazia macho: "Wewe una mke? Sasa fikiria kila asubuhi kuna mwanamume anamchekesha mkeo nyuma ya ukuta, na huwezi hata kumshika kola umtoe nje."

Bandarini hawakumsaidia. Wasyl alikuwa na mdomo. Kila Jumatatu alimpokea langoni.

"Reino! Mume mwenzio hajambo?"

"Nyamaza, Wasyl."

"Nimesikia kanunua koti jipya kwenye kitabu cha nne. Wewe koti lako la lini?"

"Nimesema nyamaza."

"Haya, nimenyamaza. Lakini ukimwona, mwambie mke wangu anamsalimia."

Vitabu vikaongezeka. Irja akapata tuzo, akapigwa picha magazetini, akaalikwa Toronto na Montreal. Hakuacha kazi ya mahakamani. Na Reino akaanza kuamini jambo moja: kwamba Dagenais hakutoka hewani. Yupo. Anatembea mjini humu humu, ana miguu na kofia, na kila siku anakaa chumba kimoja na Irja.

Akaanza kupeleleza. Mume wa mwandishi wa upelelezi akawa mpelelezi. Akasoma vitabu vyote upya, mstari kwa mstari. Dagenais anavaa kofia ya kijivu. Dagenais ana sauti ya chini. Dagenais anainamisha kichwa upande wa kushoto akisikiliza. Reino akaenda mahakamani mapumziko ya mchana, akakaa benchi la nyuma, akawatazama wanaume mmoja baada ya mwingine. Akampata. Wakili wa serikali, bwana mmoja aitwaye Gordon Prewett. Kofia ya kijivu ipo. Sauti ya chini ipo. Kichwa, upande wa kushoto.

Prewett alikuwa mchezaji wa curling, ule mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu, na Ijumaa jioni klabu yao ilikuwa imejaa. Mji mzima upo. Prewett ameinama, anataka kusukuma jiwe lake. Reino akaingia uwanjani na viatu vyake vya bandarini. Hatua chache tu, akateleza, akaanguka kwa makalio, akaserereka moja kwa moja hadi kwenye magoti ya wakili. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni utani.

Reino akasimama akiwa amemshika Prewett skafu.

"Una nini na mke wangu?"

"Mke wako ni nani, bwana?"

"Irja! Irja Salmela!"

Prewett akafikiri. Akainamisha kichwa upande wa kushoto, jambo lililomzidishia Reino hasira.

"Yule mpiga chapa? Rafiki yangu, nimefanya naye kazi miaka na miaka. Ameniambia maneno mawili tu maisha yangu yote. 'Rudia.' Na 'polepole.'"

Klabu nzima ikaangua kicheko. Wasyl, aliyekuwa pale pale, alilazimika kumtoa Reino nje akiwa amemkumbatia kama mgonjwa.

Kesho yake hakuna aliyekuwa hajasikia. Irja alisikia dukani, mbele ya watu, kutoka kwa mwuza samaki. Alirudi nyumbani, akaweka mfuko wa samaki mezani, hakufoka. Tuulikki alikuwa msichana mkubwa wakati huo, na anakumbuka kila neno.

"Umeniaibisha," Irja alisema.

"Nimeaibika mimi," Reino akajibu. "Miaka yote hii. Muue."

"Nimuue nani?"

"Unamjua."

Irja akavuta kiti.

"Nikimuua, utapata usingizi?"

"Nitapata."

"Haya."

Na akamuua. Katika kitabu cha tisa, Inspekta Dagenais anamfuata mwuaji juu ya ziwa mwezi wa Machi, barafu inapasuka, na anazama. Hakuna wa kumvuta. Ukurasa wa mwisho ni kofia yake tu, juu ya maji.

Wasikilizaji wapendwa, wenye umri wangu mnakumbuka. Watu walilia. Kuna duka la mkate lililofunga kwa siku moja. Mhubiri mmoja alimtaja Dagenais kwenye mahubiri, kisha akaomba radhi. Mwuza samaki alikataa kumhudumia Irja mpaka Pasaka. Mchapishaji alipiga simu kutoka Toronto, akabembeleza, akapiga tena. Irja alisema hapana.

Na Reino je? Reino alilala. Alilala kama mtoto mchanga. Majira yale ya baridi alikuwa kama bwana harusi. Alimnunulia mkewe koti. Alivaa soksi za sufu, zote, moja baada ya nyingine. Wasyl alipomkejeli langoni, alimjibu, "Marehemu hana neno," akapita akipiga mluzi.

Ila nyumba ilikuwa imenyamaza.

Taipureta haikulia tena. Kicheko cha alfajiri kikakoma. Irja aliamka saa za watu wote. Alikaa mezani, akala kwa uma na kisu. Akitaka kutoka, anasimama mlangoni na kusema, "Naenda dukani. Nitarudi." Na kweli anarudi. Alikuwa mke ambaye Reino alikuwa akimwomba kwa Mungu miaka mingi. Na Reino, kidogo kidogo, akaanza kumwogopa.

"Nilikuwa naketi naye hapa," aliniambia, akionyesha kiti, "namuuliza unawaza nini. Anasema, siwazi kitu. Na ilikuwa kweli! Irja, hawazi kitu! Mwili ukanisisimka."

Ilipita miaka mitano hivyo. Miaka mitano, Irja Salmela hakuandika hata mstari. Wengi walidhani amestaafu. Wengine walidhani anaumwa.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, kule kambini. Sauna imewaka vizuri. Wawili wamekaa juu ya benchi kama walivyozoea tangu ujana wao, jasho linawatoka. Reino alikuwa amelibeba swali lake siku nyingi, na sauna ni mahali ambapo Mfini akikudanganya, mvuke unamkaba.

"Irja."

"Mm."

"Alikuwa nani?"

"Nani?"

"Dagenais. Amekwisha kufa. Niambie tu. Sitamgusa."

Irja akachota maji, akamwaga juu ya mawe. Mvuke ukawafunika, hawaonani.

"Alikuwa mimi," akasema.

Reino hakuelewa.

"Alikuwa mimi, Reino. Nani mwingine anakula amesimama nyumbani mwetu? Nani alikuwa anatoka bila kuaga, ukawa unagomba? Nimekaa mahakamani nusu ya maisha yangu nikiandika maneno ya wanaume. Nilitaka mmoja aseme ya kwangu. Ningemfanya mwanamke, wakati ule nani angenichapishia? Kofia nilimwibia Prewett. Vingine vyote ni vyangu."

"Kwa hiyo mimi..."

"Uliona wivu juu ya mkeo. Ukaniambia nimuue. Nikamuua."

Reino alishuka benchini. Akatoka nje uchi kama alivyozaliwa, akatembea hadi mwisho wa gati, akajitupa ziwani. Maji ya Ziwa Superior hata Agosti hayana urafiki na mtu. Akakaa humo. Akakaa sana. Irja akatoka na taulo, akasimama gatini.

"Toka majini, mzee! Sina nguvu za kukuvuta!"

"Sitoki."

"Utakufa."

"Mfufue kwanza."

"Siwezi. Kwangu akifa mtu amekufa. Mimi si mchungaji wa kanisa."

Meno ya Reino yalikuwa yanagongana. "Basi... basi zaa mwingine."

"Nina miaka hamsini na sita, Reino!"

"Unajua ninachosema!"

Irja akaanza kucheka. Kile kile kicheko cha chini chini. Reino anasema ilikuwa mara ya kwanza kukisikia bila ukuta katikati. Akatoka majini.

Alfajiri ya Jumatatu taipureta ikalia. Mpelelezi mpya akazaliwa, na safari hii Irja hakumvalisha suruali ya mwanamume. Anaitwa Sylvi Rautio. Mjane, mpiga chapa mstaafu, mdomo mkali, miguu mirefu. Vitabu vya Sylvi Rautio ndivyo vilivyomfikisha Irja mbali zaidi. Vilisomwa hadi Ulaya. Wengi wenu mmeanzia hapo.

Msidhani wivu uliisha. Hapana. Ulibadilisha anwani tu. Mzee Reino alimpeleka mkewe kila mahali alikoalikwa, akasimama mlangoni ameshika koti lake, akiwatazama wasomaji waliopanga foleni kama askari anayewatazama washukiwa. Mtu akishika mkono wa Irja kwa muda mrefu, yeye anakohoa. Mwanahabari mmoja wa Toronto alimuuliza Irja kama hachoki na mume wa namna hiyo. Irja akajibu, "Ndiye peke yake anayesoma kila neno langu akitafuta kosa la moyo. Wengine wanatafuta mwuaji tu."

Tuulikki alipolisimulia hilo, Mzee Reino aligeukia dirishani.

Mwaka jana ugonjwa ulimkamata Irja kifuani. Aliendelea kuandika akiwa amelala, daftari zikiwa zimetapakaa juu ya blanketi. Alifika sura ya mwisho ya kitabu cha mwisho, ile ambayo Sylvi Rautio anawaita wote sebuleni na kumtaja mwuaji. Mkono ukagoma. Sura hiyo haikuandikwa.

Alipofariki, habari ikavuja. Mchapishaji akaja mwenyewe kwa ndege, akaleta na mwandishi kijana ambaye angeweza kuimalizia kazi. Walikaa jikoni pale pale nilipokaa mimi. Wakasema wamesoma kurasa zote, na hawamjui mwuaji ni nani. Washukiwa wanne, na kila mmoja anafaa. Wakauliza kama mama alimwambia mtu.

"Aliniambia mimi," akasema Mzee Reino.

Mchapishaji akatoa kalamu haraka.

"Alinivuta sikio hospitalini akaninong'oneza. Siku mbili kabla ya kufa. Alicheka, mgonjwa vile, akacheka."

"Ni nani?"

"Chukueni mkate," Mzee Reino akasema.

Walibembeleza hadi jioni. Kijana yule aliahidi kuandika kwa mtindo wa marehemu, asitofautishwe. Hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Mzee alimwonyesha mlango.

Tuulikki bado hajakubali. Mbele yangu alimwambia, "Baba, watu wanasubiri. Nchi nzima."

"Wasubiri."

"Mama aliandika ili wasome!"

"Nimegawana mama yako na nchi nzima tangu wewe unacheza na wanasesere," Mzee Reino akasema. "Walichukua asubuhi zake. Wakachukua vicheko vyake, wakaviweka dukani. Mimi nilibaki na koti lake mkononi. Hiki kimoja ni changu."

Tuulikki akamtazama, akaweka kisu chini, akaenda kumbusu kichwani.

Kitabu kitatoka wakati wa masika, bila sura ya mwisho. Kitaishia pale ambapo Sylvi Rautio anavuta pumzi.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Irja Salmela. Mpiga chapa wa mahakama, mwandishi wa riwaya za upelelezi, mke, mama. Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa binti yake Tuulikki, kwa wote waliofanya naye kazi mahakamani, kwa Wasyl Hnatiuk ambaye alibeba jeneza huku analia na kutukana, na kwa kila aliyemaliza kitabu chake akarudi ukurasa wa kwanza. Ibada imekwisha fanyika. Udongo bado umeganda; utafunguka barafu ikiyeyuka, na hapo ndipo atakapozikwa, upande wa juu wa makaburi, panapoonekana ziwa.

Naomba tufikiri pamoja jioni hii. Mtazame mtu unayemwita wako. Amelala, anakula, anafunga viatu. Kuna mtu mwingine ndani yake ambaye humjui, na huenda umekuwa ukimchukia bila kujua ni nani. Usimwombe amuue. Mwulize jina lake.

Mzee Reino, najua redio yako ipo wazi. Pole sana, baba. Niliondoka kwako Jumamosi nikiwa na swali mdomoni, nikalimeza. Siri yako, kaa nayo.